Pistoni zinatoboa silinda hedi kwenye skrini: niendelee kujifunza kuchora injini au niache?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Nyakato, Mwanza. Nimesomea umekanika wa magari chuo cha ufundi, na tangu nimalize nafanya kazi kwenye gereji ya mjomba wangu. Kazi naipenda. Kushusha injini, kubadilisha ringi, kuweka taimingi, hayo yote nafanya, na siku hizi mjomba hasimami tena nyuma yangu.

Mwaka jana mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake video ya injini iliyochorwa kwa kompyuta. Imekatwa ubavuni, unaona pistoni zinapanda na kushuka, valvu zinafunguka na kujifunga, konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, zinayumba. Niliitazama mpaka mwenye simu akaiomba. Mambo ambayo chuoni tulikuwa tunayakariri tu, pale nilikuwa nayaona kwa macho. Nikasema lazima na mimi nijue kutengeneza kitu cha namna hii.

Nikajichanga, nikanunua laptopu ya mtumba yenye ramu ya GB 8. Rafiki akaniwekea kwa flashi programu kubwa ya CAD, yaani ya kuchora vitu kwa vipimo kwenye kompyuta, ile iliyovunjwa kufuli ili isidai malipo. Nikaanza kufuata masomo ya video ya kuchora injini ya V8. Kipande kimoja kimoja kilitoka vizuri. Pistoni ilikuwa na mifereji ya ringi, bolti zote zilikuwa na meno, hadi namba za bloku niliziandika.

Shida ilianza wakati wa kuunganisha. Nikizungusha krankshafti, ule mhimili mkuu wa chini, pistoni mbili zinafuata, nyingine zinabaki palepale. Nikirekebisha, zinasogea lakini zinapita kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na kutokea juu. Konrodi zinachomoka kwenye krankshafti na kuelea pembeni. Laptopu inaganda mpaka niizime kwa nguvu. Na sasa programu yenyewe imegoma kufunguka kabisa, na laptopu imeanza kufungua vitu nisivyovijua.

Kuna mtu hapa mjini anasema atanifundisha kwa wiki tatu kwa shilingi 700,000 na kunipa cheti. Mwingine ananiambia bila laptopu yenye kadi kubwa ya picha najisumbua. Mjomba naye amechoka kuniona nimeinama kwenye kompyuta wakati magari yanasubiri. Juzi aliniambia mbele ya wenzangu nichague, spana au kompyuta. Mjomba ndiye aliyenilea, sipendi kumkwaza.

Naomba unisaidie, Mshauri. Nitumie programu gani? Nitafute hela ya laptopu kubwa au ya kozi? Na je, jambo hili lina mkate, au niliache nishike spana yangu?

Kijana wa Nyakato

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usiache. Wala usichague kati ya spana na kompyuta, kwa sababu spana ndiyo inayokupa nafasi ya kuwa mchoraji mzuri wa injini. Vijana wengi wanaojifunza CAD hawajawahi kushika krankshafti. Wewe unaishika kila wiki. Kilichokukwamisha ni kwamba umeanza na injini usiyoijua, halafu ukaanza na maumbo kabla ya mwendo.

Tuanze na hiyo V8. Ni silinda nane katika safu mbili, kwa kawaida zimepishana nyuzi 90, na kila shingo ya krankshafti imebeba konrodi mbili kwa pamoja. Mwenye video anakwambia chora duara la kipimo hiki, unachora. Anakwambia vuta mchoro uwe na kimo hiki, unavuta. Hujui kipimo kilitoka wapi, kwa hiyo mambo yakigoma huna pa kurudi kuuliza. Ukichora injini iliyolala sakafuni kwenu, jibu la kila swali liko hatua tatu kutoka kwenye kiti chako, na linapatikana kwa vernia, kile kipimio cha milimita.

Kwa hiyo iweke V8 pembeni. Muulize mjomba kama kuna injini iliyonoki, yaani iliyokufa, inayosubiri kuuzwa chuma chakavu. Mimi ningependa upate 4A-FE ya Toyota, ile iliyofungwa kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990. Silinda nne kwa mstari mmoja, kipenyo cha silinda milimita 81, mwendo wa pistoni milimita 77. Usinisadiki mimi, piga hesabu: nusu kipenyo ni sentimita 4.05, zidisha yenyewe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.1416, zidisha kwa 7.7, halafu kwa silinda nne. Unapata sentimita za ujazo 1587, na ndio ujazo wa injini hiyo katika vitabu vyake. Jizoeze hesabu ya namna hii kabla ya kugusa kompyuta, maana ndiyo itakayokuonya umepima vibaya. Injini mpya kidogo, mfano 1NZ-FE iliyo kwenye Vitz na Probox nyingi, nayo ni nzuri, ila silinda zake zimesogezwa pembeni kidogo ya mstari wa katikati wa krankshafti, na hilo linaongeza hesabu. Ije baadaye.

Sasa kupima. Hapa mjomba wako ni mwalimu kuliko mimi. Injini iliyokwisha chongwa haitakuwa na 81 tena. Angalia kichwa cha pistoni: kama imeandikwa 0.50, silinda imepanuliwa nusu milimita. Mjomba atakuambia hilo kabla hujafika kwenye vernia. Mwendo wa pistoni upime kwa kile kijiti cha nyuma cha vernia, cha kupimia kina: pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa, toa kimoja kwa kingine. Gawanya kwa mbili, unapata umbali kati ya katikati ya krankshafti na katikati ya shingo inayobeba konrodi. Kwa 77 ni 38.5. Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote katika mchoro wako.

Konrodi inasumbua watu kwa sababu huwezi kuweka vernia katikati ya tundu. Pima kutoka ukingo wa ndani wa tundu dogo hadi ukingo wa ndani wa tundu kubwa, yaani ile nyama iliyo katikati yao, kisha jumlisha nusu ya kipenyo cha kila tundu. Kwenye pistoni, pima kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Andika kwenye daftari la karatasi, si kwenye simu. Daftari hilo utalitumia miaka.

Ukishapata namba hizo tatu, fungua programu na uchore mistari mitatu tu. Bado hujachora pistoni, hujachora ringi, hujachora hata bolti moja. Mstari wa kwanza una urefu wa 38.5, mwisho wake mmoja umefungwa mahali pamoja, huo ni mkono wa krankshafti. Mstari wa pili ni konrodi, umeunganishwa na ncha ya wa kwanza. Wa tatu umesimama wima, na ncha ya juu ya konrodi lazima ikae juu yake muda wote. Sasa shika ncha ya krankshafti kwa mausi uizungushe. Ile nukta inayopanda na kushuka ndiyo pistoni yako. Hayo mengine yote utakayochora ni nyama juu ya mifupa hii.

Nataka uipime mifupa hiyo kabla hujaendelea, kwa njia ambayo video nyingi hazikuonyeshi. Tuseme konrodi yako ina milimita 120. Anza pistoni ikiwa juu kabisa, kisha zungusha krankshafti nyuzi 90 kamili. Pistoni imeshuka kiasi gani? Wengi hujibu nusu ya mwendo, 38.5. Siyo. Imeshuka milimita 44.8. Konrodi imeinama, na konrodi iliyoinama inafika juu pafupi kuliko iliyosimama, kwa hiyo pistoni imeshapita katikati zaidi ya milimita 6. Kama mchoro wako unakupa 44.8 kwa vipimo hivyo, mifupa iko sawa. Ukikupa 38.5, basi umeifanya pistoni ipande na kushuka kwa kubuni, haifuati konrodi. Injini nyingi zilizochorwa na watu wasiozijua zina kosa hilo, na fundi akiziangalia anahisi kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

Sasa turudi kwenye pistoni zako zinazotoboa hedi. Programu ya CAD haijui kwamba chuma kinazuia chuma. Wakati wa kusogeza vipande, yenyewe inatii viungo ulivyoiwekea na vipimo ulivyoipa, basi. Ukiipa namba zisizokubaliana itapitisha pistoni kwenye hedi bila kulalamika. Jumlisha: mkono wa krankshafti, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka pini hadi kichwani. Tuseme 38.5, 120 na 30. Jumla 188.5. Huo ndio umbali ambao kichwa cha pistoni kitafika kutoka katikati ya krankshafti. Sasa pima kwenye mchoro wako umbali kutoka katikati ya krankshafti hadi uso wa juu wa bloku, pale gasketi inapolala. Kama bloku ina 175, lazima pistoni itokee juu. Nina hakika karibu kabisa kwamba ukipima V8 yako hivi utaikuta tofauti hiyo. Programu nyingi zina kitufe cha kukagua vipande vinavyoingiliana. Kitumie kila unapoongeza kipande, krankshafti ikiwa juu na ikiwa chini, kwa sababu chini nako vile vizito vya krankshafti hupenda kugonga sketi ya pistoni.

Konrodi kuchomoka ni ugonjwa mwingine. Unatokea ukiweka masharti yanayopingana. Mfano, umeiambia konrodi izunguke kwenye shingo ya krankshafti, kisha ukaiambia iwe sambamba na ukuta wa silinda. Haiwezi yote mawili, maana kwa vipimo vyetu konrodi inainama hadi karibu nyuzi 19 kila upande. Programu inachagua sharti moja na kuliacha jingine. Dawa ni kuweka viungo vichache tu, vilevile vilivyo kwenye injini. Bloku ifungwe isisogee kabisa. Hilo ni la kwanza, na wengi hulisahau. Krankshafti izunguke ndani ya bloku. Konrodi izunguke kwenye shingo ya krankshafti. Pistoni izunguke kwenye pini. Pistoni iteleze ndani ya silinda. Ukiwa na viungo hivyo, kitu kimoja tu kinabaki huru, nacho ni mzunguko wa krankshafti. Ukigusa pistoni kwa mausi, krankshafti inazunguka. Ukigusa krankshafti, pistoni inakwenda. Ikiwa kuna kipande kingine kinachoweza kusogea peke yake, kiungo kimekosekana. Ikiwa hakuna kinachosogea, kimezidi.

Fanya silinda moja mpaka imetulia. Pistoni yako iwe mche wa duara mtupu, konrodi iwe bapa lenye matundu mawili. Ikizunguka bila kugoma, ongeza nyingine tatu. Katika silinda nne za mstari mmoja kama hii, ya 1 na ya 4 zinapanda pamoja, ya 2 na ya 3 zinashuka pamoja, na moto unawaka 1-3-4-2, kila nyuzi 180. Haya unayajua tangu chuoni. Hapo ndipo utakapoona kujua kwako kunakufikisha mbali haraka, wakati mwenzako asiye fundi bado anabahatisha.

Kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, nayo unaijua: inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo gia yake ina meno mara mbili. Kwenye programu unaunganisha mizunguko hiyo miwili kwa uwiano wa mbili kwa moja, na mkanda wa taimingi hauna haja ya kusogea ndipo injini izunguke. Unaweza kuuchora baadaye ukae tu. Kwenye 4A-FE mkanda unazungusha kemshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia ndogo. Zihesabu meno, zichore, zinapendeza sana zikizunguka. Kwa valvu, usikimbilie kuifanya kemu, ile nundu ya kemshafti, iisukume kwa kugusana. Kugusana ndiko kunakoielemea kompyuta kuliko kitu chochote. Anza kwa jedwali: krankshafti ikiwa nyuzi kadhaa, valvu imefunguka milimita kadhaa. Jicho halitaona tofauti. Na kumbuka valvu ya kuvuta huanza kufunguka kabla pistoni haijafika juu, na ya kutoa hujifunga ikiwa imeshapita. Ukiziweka zifunguke na kujifunga pistoni ikiwa juu au chini kamili, umechora picha ya kitabu cha shule, hujachora injini.

Kuhusu programu. Hiyo iliyovunjwa kufuli iondoe leo. Kompyuta inayofungua vitu usivyovijua imeingiliwa, na kama unaingia kwenye huduma za pesa au barua pepe kwa laptopu hiyo, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine. Hamisha picha na maandishi yako tu, kisha usafishe mashine na uweke mfumo upya. Halafu weka FreeCAD. Ni ya bure kabisa, bila leseni ya kukatika, na ukishaipakua mara moja inafanya kazi bila bando. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na ndilo lililokuja na sehemu yake ya kuunganisha vipande kwa viungo, hiyo hasa unayoihitaji. Kabla ya hapo watu walitegemea nyongeza kutoka nje, kwa hiyo masomo ya zamani yatakuchanganya; tafuta yanayosema 1.0 na kuendelea. Onshape ni nzuri sana na inafunguka ndani ya kivinjari, ila inataka intaneti muda wote, na mpango wake wa bure unaziacha kazi zako wazi kwa kila mtu kuziona. Fusion ya Autodesk ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi, yenye mipaka yake. SolidWorks utakutana nayo ukiajiriwa kiwandani. Hesabu uliyojifunza kwenye FreeCAD utaihamishia huko.

Kwa video zenyewe, zile za kuvutia zenye mwanga na chuma kinachong'aa, tumia Blender. Nayo ni ya bure. CAD inakupa usahihi, Blender inakupa picha. Moja kwa moja haifungui mafaili ya STEP, aina inayotumika kuhamisha michoro ya CAD, kwa hiyo toa vipande kutoka FreeCAD kwa aina ya OBJ au STL. Viungo vyako havitahama pamoja na vipande, itabidi uvijenge upya, na hapo ndipo mifupa yetu inakuokoa. Blender ina kitu kinachoitwa draiva, unaandika fomula na kipande kinaitii. Pembe ya krankshafti ikiwa a, mkono wake r, konrodi l, basi kimo cha pini ya pistoni kutoka katikati ya krankshafti ni r mara kosaini ya a, jumlisha kipeuo cha pili cha (l mraba toa mraba wa (r mara saini ya a)). Ukizungusha kitu kimoja, krankshafti, injini nzima inakwenda.

Mambo mawili yatakusumbua kwenye Blender, nakuambia mapema. La kwanza ni mwendokasi. Utatamani injini izunguke kwa sailensa yake ya kweli, yaani bila kukanyagwa mafuta, tuseme mizunguko 800 kwa dakika. Kwa video ya fremu 24 kwa sekunde, krankshafti itakuwa imeruka nyuzi 200 kati ya fremu moja na inayofuata, na mtazamaji ataiona inarudi nyuma. Iache izunguke mara moja kwa sekunde nne. Huo ni fremu 96 kwa mzunguko, 192 kwa kazi nzima ya kuvuta, kubana, kuchoma na kutoa. La pili, Blender yenyewe hupenda kuanza mwendo polepole na kuumaliza polepole. Badilisha mwendo uwe wa mstari ulionyooka, weka nyuzi 720 kwenye fremu ya 193, na video iishie ya 192. Hapo itajirudia bila kushtuka.

Laptopu yako inatosha. Ramu ya GB 8 inabeba injini ya silinda nne bila taabu ukiacha kuchora meno ya bolti. Nimesoma barua yako pale uliposema bolti zote zilikuwa na meno, nikajua kwa nini inaganda. Meno ni mahesabu mengi kuliko pistoni nzima, na hakuna atakayeyaona. Bolti iwe mche laini wenye kichwa cha pembe sita. Kona za mviringo ziweke mwisho kabisa. Usipakue modeli za watu za STL ukaziingiza kwenye CAD. Ni maelfu ya pembetatu zisizorekebishika. Na hifadhi kazi yako mara kwa mara, betri za mtumba hazisubiri umeme urudi.

Ile 700,000 usiitoe. Wiki tatu ni chache, na cheti chenyewe, mwajiri anayejua kazi ataomba kuona michoro yako. Nunua vernia ya kweli kama huna, weka ramu nyingine kama laptopu inakubali, iliyobaki itunze. Ukitaka kuendelea kulipia mafunzo, kwanza mwombe mwalimu akuonyeshe injini aliyoiunganisha mwenyewe ikizunguka, na umuulize pistoni iko wapi krankshafti ikiwa nyuzi 90. Jibu lake litakuambia kama anastahili.

Mkate upo, ila sitakudanganya kwamba upo kwenye video za injini. Video zitakutangaza. Mkate uko kwenye kipande kilichovunjika ambacho spea yake haipatikani: bushi, puli, mkono wa kushikilia jenereta, kifuniko cha pampu. Mtu anayeweza kukipima, kukichora kwa usahihi na kumpa fundi wa mashine ya kereza mchoro wa karatasi wenye vipimo vyote na kiasi kinachoruhusiwa kupungua au kuzidi, huyo anahitajika Mwanza kama anavyohitajika Dar es Salaam. Kwa hiyo pamoja na kuchora kwa pande tatu, jifunze kutoa mchoro wa bapa wenye vipimo. Wachoraji wengi wa mitandaoni wanauruka kwa sababu haupendezi machoni. Tembelea ofisi ya SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ya mkoa wako ujue ni karakana zipi zinafanya kazi za namna hiyo.

Na mjomba. Ana haki. Mteja akifika, gari lake ndilo la kwanza, na kijana aliyeinama kwenye skrini anaiharibia gereji jina. Mwombe radhi kwa hilo, mkiwa wawili. Panga naye: saa za kazi ni za spana, laptopu ni baada ya gereji kufungwa. Halafu umwombe kazi moja, akusaidie kupima hiyo injini iliyokufa. Usimweleze CAD ni nini. Mwambie unataka kujua kwa nini bloku hii ilichongwa mara mbili, au kwa nini valvu za injini ile ya juzi zilipinda mkanda ulipokatika. Chora hiyo ya pili ukishaweza: pistoni juu, kemshafti imesimama, valvu imebaki wazi, vinakutana. Mjomba akimwonyesha mteja anayebishana kuhusu bei ya kubadilisha mkanda wa taimingi, hatakuambia tena uchague.

Ukifika kwenye kemu zikakushinda, niandikie tena, ila uje na vipimo viwili: kimo chote cha kemu kutoka mgongoni hadi kwenye ncha, na kipenyo cha lile duara lake la chini. Toa cha pili kwenye cha kwanza, umepata kiasi ambacho valvu inafunguka, ukiondoa nafasi ya valvu. Tutaanzia hapo.